Kukwama kwa video kwenye kompyuta mpakato inapotumia betri

Kukwama kwa video kwenye betri ni hali ambayo kompyuta mpakato (huitwa pia kipakatalishi au laptopu) huonyesha video vizuri inapokuwa imechomekwa kwenye umeme, lakini video hiyohiyo huanza kurukaruka, kuganda, kuachana na sauti yake au kufifia mara tu chaja inapochomolewa. Mara nyingi hali hii si dalili ya kompyuta kuharibika. Hutokana na mipangilio ya kuokoa nishati ambayo mfumo wa uendeshaji, programu viendeshi na watengenezaji wa kompyuta wameiweka ili betri idumu kwa muda mrefu zaidi.

Vyanzo vikuu ni sita: prosesa kupunguzwa kasi, video kusimbuliwa kwa programu badala ya maunzi, chipu ya grafiki kubadilishwa, skrini kupunguzwa kasi au mwangaza, kifaa cha Wi-Fi kusinzia, na betri yenyewe kuchakaa. Kila chanzo kina dalili zake, na kwa kawaida kinaweza kutambuliwa bila kifaa chochote cha ziada.

## Jinsi video inavyochezwa

Video ni mfululizo wa picha tuli zinazoitwa fremu. Filamu za sinema kwa kawaida huwa na fremu 24 kwa sekunde, televisheni nyingi 25 au 30, na video za michezo au za kunasa skrini mara nyingi hufika 60. Kila fremu ina muda wake wa kufika kwenye skrini. Kwenye video ya fremu 24, kompyuta ina takriban milisekunde 42 za kuandaa kila picha. Kwenye video ya fremu 60 muda huo ni chini ya milisekunde 17. Fremu ikichelewa hutupwa ili picha isiachwe nyuma na sauti. Mtazamaji huona fremu zilizotupwa kama mruko au mkwamo.

Faili la video huhifadhiwa likiwa limebanwa, kwa sababu picha ambazo hazijabanwa zingechukua nafasi kubwa mno. Kanuni ya kubana na kufungua huitwa kodeki. Kufungua video iliyobanwa huitwa kusimbua, na hufanyika kwa njia mbili:

- Kusimbua kwa maunzi: kazi hufanywa na kisimbuzi maalumu kilichojengwa ndani ya chipu ya grafiki. Kisimbuzi hiki hufanya kazi hiyo moja tu, na hutumia umeme kidogo.
- Kusimbua kwa programu: kazi hufanywa na prosesa kuu kwa kufuata maelekezo ya programu. Njia hii huweza kusoma kodeki yoyote, lakini hutumia umeme mwingi na huitaka prosesa iwe na kasi ya kutosha.

Kompyuta ikiwa kwenye umeme, prosesa yenye nguvu huweza kusimbua kwa programu bila mtumiaji kugundua lolote zaidi ya sauti ya feni. Ikiwa kwenye betri, prosesa hiyohiyo hupunguzwa kasi na fremu huanza kuchelewa. Hii ndiyo sababu tatizo hudhaniwa kuwa ni la betri ilhali mzizi wake uko kwenye njia ya kusimbua.

## Kwa nini kompyuta hubadilika ikiwa kwenye betri

Umeme unaotumiwa na prosesa hutegemea zaidi mambo mawili: kasi yake, inayopimwa kwa gigahezi, na volti inayopewa. Matumizi hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa kipeo cha pili cha volti. Kwa mfano, kasi ikipunguzwa kwa nusu na volti ikashushwa kutoka 1.0 hadi 0.8, matumizi hushuka hadi takriban asilimia 32 ya yale ya awali. Kwa kuwa prosesa inayoenda polepole huhitaji volti ndogo, kupunguza kasi huokoa nishati kuliko mtu anavyotarajia.

Mbinu hii ilienea kwenye kompyuta mpakato mwaka 2000, pale kampuni ya Intel ilipotoa teknolojia ya SpeedStep kwa prosesa za Pentium III za kompyuta mpakato, na AMD ikatoa PowerNow!. Kabla ya hapo, mwaka 1996, kilichapishwa kiwango cha ACPI kinachouwezesha mfumo wa uendeshaji kusimamia umeme wa kompyuta nzima badala ya kuuachia ubao mama.

Ukubwa wa betri huelezwa kwa wati-saa. Betri ya wati-saa 50 itadumu kwa saa 5 kompyuta ikitumia wati 10, lakini saa 2 na nusu tu ikitumia wati 20. Kwa hiyo mfumo wa uendeshaji hujaribu kubana matumizi kila mahali: kwenye prosesa, skrini, Wi-Fi, diski na matundu ya USB. Video huathirika kuliko kazi nyingine kwa sababu inahitaji sehemu hizi zote kwa pamoja, tena kwa wakati usiochelewa. Mtu anayeandika barua hawezi kugundua kuchelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Anayetazama video hugundua mara moja.

## Vyanzo

### Kasi ya prosesa

Hali ya kuokoa betri huweka kikomo kwa prosesa. Kwenye Windows hali hii kwa kawaida hujiwasha chaji inapofika asilimia 20, ndiyo maana video huweza kwenda vizuri kwa saa nzima kisha ikaanza kukwama bila mtumiaji kugusa kitu. Baadhi ya watengenezaji huongeza programu zao za kusimamia umeme, na programu hizo huweza kupingana na mipangilio ya Windows. Mtumiaji hubadilisha mpangilio mmoja akaona hakuna kilichobadilika, kwa sababu kikomo kimewekwa mahali pengine.

### Kodeki isiyo na kisimbuzi

Kodeki mpya hubana video vizuri zaidi, lakini kompyuta za zamani hazina kisimbuzi chake. Jedwali lifuatalo linaonyesha kodeki zinazotumika sana na kizazi cha prosesa za Intel Core ambacho kwa jumla kilianza kuzisimbua kikamilifu kwa maunzi.

| Kodeki | Mwaka wa kutolewa | Kizazi cha Intel Core |
|---|---|---|
| H.264 | 2003 | kizazi cha 2 (2011) au kabla |
| HEVC (H.265) | 2013 | kizazi cha 6 (2015) |
| VP9 | 2013 | kizazi cha 7 (2016) |
| AV1 | 2018 | kizazi cha 11 (2020) |

Kompyuta za Mac zilipata kisimbuzi cha AV1 kuanzia chipu ya M3 ya mwaka 2023.

Ukubwa wa picha nao huongeza mzigo. Fremu ya 1080p ina nukta 2,073,600, yaani mara 2.25 ya fremu ya 720p na takriban mara 5 ya fremu ya 480p. Fremu ya 4K ina nukta 8,294,400. Kwenye skrini ya inchi 14 yenye nukta 1366 kwa 768, ambayo ni ya kawaida kwenye kompyuta za bei nafuu, video ya 1080p haionyeshi undani unaozidi uwezo wa skrini, ingawa huigharimu betri zaidi.

### Chipu mbili za grafiki

Kompyuta nyingi za michezo na za usanifu huwa na chipu mbili za grafiki: ndogo iliyo ndani ya prosesa na kubwa inayojitegemea. Teknolojia ya Optimus ya NVIDIA, iliyotolewa mwaka 2010, huhamisha kazi kati ya chipu hizo. Chaja ikichomolewa, chipu kubwa huzimwa. Hilo si baya, kwa kuwa chipu ndogo kwa kawaida huweza kusimbua video bila shida. Tatizo hutokea pale programu kiendeshi (draiva) ya chipu ndogo inapokuwa ya zamani au haipo kabisa. Hapo kivinjari hushindwa kupata kisimbuzi na kuirudishia prosesa kazi yote.

### Skrini

Skrini ni miongoni mwa sehemu zinazokula umeme zaidi, hivyo huguswa mapema. Mwangaza hupunguzwa, na baadhi ya draiva hubadilisha pia utofauti wa rangi kulingana na picha inayoonyeshwa. Mtazamaji wa filamu yenye matukio ya usiku huona mwangaza ukipanda na kushuka wenyewe kila tukio linapobadilika.

Kompyuta nyingine hupunguza idadi ya mara ambazo skrini huchorwa upya kwa sekunde, kwa mfano kutoka hezi 120 hadi 60, au kutoka 60 hadi 48 au 40. Matokeo hutegemea video yenyewe. Video ya fremu 24 kwenye skrini ya hezi 48 huenda sawasawa, kwa kuwa kila fremu huonyeshwa mara mbili. Video ya fremu 30 kwenye skrini ya hezi 40 hutetereka, kwa sababu katika kila fremu tatu moja hukaa mara mbili na nyingine mara moja. Video ya fremu 60 kwenye skrini hiyo hupoteza fremu 20 kila sekunde, hata prosesa iwe na kasi kiasi gani.

### Wi-Fi

Kifaa cha Wi-Fi kikiwa katika hali ya kuokoa umeme husinzia kwa vipindi vifupi. Ruta hukitunzia data na kuitangaza kupitia mawimbi ya taarifa ambayo kwa kawaida hutumwa takriban mara 10 kwa sekunde. Kwa ruta nzuri iliyo karibu, mtumiaji hagundui kitu. Ishara ikiwa dhaifu, au ruta isipoelewana vizuri na kifaa, kasi hushuka na video ya mtandaoni husimama ili kusubiri data. Dalili yake ni duara linalozunguka katikati ya picha. Video inayorukaruka bila duara hilo kwa kawaida haina tatizo la mtandao.

### Diski na vifaa vya USB

Video iliyo kwenye diski ya nje huweza kuganda kwa sekunde kadhaa kisha ikaendelea. Hii hutokea mfumo unapolizimisha tundu la USB au diski yenyewe ili kuokoa umeme, na diski ya sahani huhitaji muda wa kuanza kuzunguka tena. Njia rahisi ya kuliepuka ni kunakili faili kwenye diski ya ndani kabla ya kulitazama.

### Betri iliyochakaa na chaja dhaifu

Betri ya lithiamu inapozeeka, ukinzani wake wa ndani huongezeka. Kompyuta inapoitaka nguvu nyingi ghafla, volti ya betri hushuka, na ubao mama huipunguza kasi prosesa ili mashine isizimike. Katika hali hii hakuna mpangilio wa programu utakaosaidia.

Chaja isiyofaa huleta matokeo yanayofanana. Kompyuta inayohitaji wati 65 ikipewa chaja ya USB-C au benki ya umeme ya wati 18, huonyesha alama ya kuchaji lakini hubaki imepunguzwa kasi. Vivyo hivyo, baadhi ya kompyuta hupunguza kasi zinaposhindwa kuitambua chaja, jambo linalotokea kwa chaja bandia au yenye pini iliyokatika. Kiwango cha awali cha USB cha kusafirisha umeme huishia wati 100. Toleo la mwaka 2021 liliongeza kikomo hadi wati 240.

## Kutambua chanzo

Kubadilisha mipangilio kwa kubahatisha hupoteza muda na huacha kompyuta ikiwa imevurugika. Utaratibu ufuatao hutenganisha vyanzo kimoja baada ya kingine.

1. Kulinganisha umeme na betri. Video moja huchezwa kwa dakika mbili chaja ikiwa imechomekwa, kisha dakika mbili bila chaja. Ikikwama katika hali zote mbili, tatizo si la betri: huenda ni joto, vumbi kwenye feni, virusi au mtandao.
2. Kulinganisha faili na mtandao. Faili lililo kwenye diski ya ndani huchezwa bila chaja. Likienda vizuri huku video ya mtandaoni ikikwama, kinachoshukiwa ni Wi-Fi au kivinjari. Vyote viwili vikikwama, kinachoshukiwa ni prosesa, draiva au betri.
3. Kusoma takwimu za video. Kwenye YouTube, kubofya video kwa kitufe cha kulia cha kipanya hufungua orodha yenye chaguo la "Stats for nerds". Humo huonekana kodeki (avc1 ni H.264, vp09 ni VP9, av01 ni AV1), idadi ya fremu zilizotupwa, na sekunde za video zilizokwisha kupakiwa. Fremu zilizotupwa zikiongezeka huku sekunde zilizopakiwa zikiwa nyingi, kompyuta ndiyo inayoshindwa. Sekunde zilizopakiwa zikishuka hadi sifuri, mtandao ndio unaoshindwa.
4. Kutazama mzigo. Kwenye Windows, dirisha la Task Manager lina ukurasa wa utendaji. Grafu ya "Video Decode" chini ya GPU ikiwa sifuri huku prosesa ikiwa karibu na asilimia 100, video inasimbuliwa kwa programu. Ukurasa huohuo huonyesha kasi ya prosesa. Kasi ikibaki chini ya gigahezi 1 wakati mzigo ni mkubwa, kuna kikomo kilichowekwa mahali.
5. Kupima betri. Amri ya `powercfg /batteryreport` kwenye Windows hutengeneza ripoti inayolinganisha ujazo wa betri ilipotoka kiwandani na ujazo wake wa sasa. Kwenye Mac, taarifa za mfumo huonyesha hali ya betri na idadi ya mizunguko ya kuchaji. Kwenye Linux, amri ya `upower -d` hutoa taarifa za aina hiyo.

Muhtasari wa dalili ni huu:

| Dalili | Chanzo kinachoelekea |
|---|---|
| Picha hurukaruka, sauti iko sawa | prosesa au kodeki |
| Duara huzunguka, kisha video huendelea | Wi-Fi au mtandao |
| Tatizo huanza chaji ikifika 20% | hali ya kuokoa betri |
| Mwangaza hupanda na kushuka | draiva ya grafiki |
| Video ya diski ya nje huganda sekunde chache | USB au diski |
| Kompyuta huzimika ghafla chaji ikiwa bado ipo | betri iliyochakaa |

## Marekebisho

### Kwenye kivinjari

Marekebisho ya kivinjari ni rahisi na hayana hatari, hivyo hujaribiwa kwanza. Hatua ya awali ni kupunguza ubora wa video kutoka 1080p hadi 720p au 480p. Hatua ya pili ni kuhakikisha kuwa msaada wa maunzi umewashwa: kwenye Chrome, chaguo la "Use graphics acceleration when available" liko katika sehemu ya mfumo ya mipangilio, na ukurasa wa `chrome://gpu` huonyesha kama kusimbua video kunafanywa na maunzi. Kwenye Firefox taarifa hizo ziko kwenye `about:support`.

Chrome ina pia hali yake ya kuokoa nishati, ambayo hupunguza shughuli za nyuma na huweza kushusha idadi ya fremu za video chaji inapopungua. Microsoft Edge ina hali kama hiyo. Mtumiaji anayetaka video laini huizima kwa muda.

Kwa kompyuta zisizo na kisimbuzi cha VP9 au AV1, kuna viongezo vya kivinjari vinavyoiomba YouTube itume H.264. Hasara yake ni kwamba YouTube haitoi H.264 kwa ukubwa unaozidi 1080p, na H.264 hutumia data zaidi kwa ubora uleule.

### Windows

Hali ya umeme inaweza kubadilishwa kutoka "Best power efficiency" hadi "Balanced" au "Best performance" katika mipangilio ya umeme na betri. Mipangilio ya uchezaji wa video ina chaguo la kuchagua kati ya uhai wa betri na ubora wa video, pamoja na chaguo la kuonyesha video kwa ukubwa mdogo kompyuta ikiwa kwenye betri.

Kwenye Control Panel, mipangilio ya juu ya mpango wa umeme hugawanywa katika safu mbili, ya betri na ya umeme. Humo hukaguliwa kikomo cha juu cha prosesa, hali ya kuokoa umeme ya Wi-Fi, kuzimwa kwa USB na ubora wa video. Kwenye baadhi ya kompyuta mpya sehemu kubwa ya chaguo hizi hufichwa. Amri ya `powercfg /energy` huchunguza kompyuta kwa dakika moja na kutoa ripoti ya makosa ya mipangilio.

Draiva ya grafiki hupakuliwa kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta au wa chipu. Kompyuta iliyowekewa Windows upya na kuachwa na draiva ya msingi iliyokuja nayo ni chanzo cha kawaida cha tatizo hili.

### macOS

Hali ya nishati ndogo ilianza na macOS Monterey ya mwaka 2021. Huweza kuwekwa kwa betri pekee, kwa umeme pekee, au kwa vyote. Mipangilio ya betri ina pia chaguo la kupunguza kidogo mwangaza na, kwa Mac zenye skrini za HDR, chaguo la kurahisisha video ya mtandaoni inapotumia betri.

### Linux

Mifumo mingi ya Linux hutumia wasifu tatu za umeme, na amri ya `powerprofilesctl set balanced` huitoa kompyuta kwenye wasifu wa kuokoa. Amri ya `vainfo` huorodhesha kodeki ambazo kisimbuzi cha maunzi kinaziweza. Kicheza video cha mpv hulazimishwa kutafuta maunzi kwa `--hwdec=auto`. VLC ina chaguo hilo katika mipangilio ya kodeki, na chaguo hilo liko pia kwenye matoleo yake ya Windows na macOS. Watumiaji wa TLP hukagua mstari wa `WIFI_PWR_ON_BAT` katika faili lake la mipangilio.

## Mfano: kompyuta ya mwaka 2013 na YouTube

Mfano ulio wazi ni kompyuta mpakato yenye prosesa ya Intel Core ya kizazi cha 4, kilichotoka mwaka 2013. Chipu zake zina kisimbuzi kizuri cha H.264, lakini hazina saketi maalumu ya VP9 wala AV1. Kompyuta hizi zilipouzwa, zilicheza video za mtandaoni kwa saa kadhaa bila kukwama. Baadaye YouTube iliongeza matumizi ya VP9, kisha AV1. Kompyuta haikubadilika, video ndiyo iliyobadilika.

Mmiliki wa kompyuta hiyo akiwa na chaja, prosesa hupanda kasi na kusimbua VP9 kwa programu. Akichomoa, kasi hushuka na fremu za 1080p huanza kutupwa. Kubadilisha betri hakutamsaidia sana, wala kununua kifurushi kikubwa cha intaneti. Akishusha video hadi 480p, au akapokea H.264, kisimbuzi kilichomo au prosesa iliyopunguzwa kasi vitatosha, na betri itadumu zaidi kuliko pale prosesa inapolazimishwa kwenda kwa kasi ya juu.

## Hali ya Afrika Mashariki

Katika nchi za Afrika Mashariki tatizo hili lina uzito wa pekee. Umeme hukatika mara kwa mara katika maeneo mengi, na kompyuta nyingi zinazouzwa ni zilizotumika, zikiwa na betri zilizokwisha kuzungushwa mamia ya mara. Mwanafunzi anayefuata somo kwa video wakati wa mgao wa umeme hana nafasi ya kuchomeka chaja, na kila video iliyokwama na kupakiwa upya humla bando.

Kwa mazingira hayo, mbinu zinazofaa ni za maandalizi. Masomo hupakuliwa wakati umeme upo, pale tovuti inaporuhusu, kwa ukubwa wa 480p na kodeki ya H.264. Faili la namna hiyo huchezwa bila Wi-Fi, na Wi-Fi ikizimwa kabisa betri hupata muda wa ziada. Mnunuzi wa kompyuta iliyotumika anaweza kuomba ripoti ya betri kabla ya kulipa, kisha akacheza video kwa dakika kadhaa chaja ikiwa imechomolewa. Jaribio hilo hufichua mengi kuliko kuiwasha tu kompyuta ikiwa kwenye umeme wa dukani.

Kompyuta inayopata umeme kutoka inveta ya sola hujiona kuwa iko kwenye umeme wa kawaida, hivyo haipunguzi kasi. Mzigo wake kwa betri ya sola huwa mkubwa zaidi isipowekwa kwa mkono katika hali ya kuokoa.

## Tahadhari

Betri iliyovimba haipaswi kuendelea kutumiwa. Dalili zake ni kipanya cha mguso kuinuka au kuwa kigumu kubofya, mfuniko wa chini kuachia, na kompyuta kuyumba ikiwekwa juu ya meza bapa. Betri ya namna hiyo haitobolewi, haikandamizwi wala haichajiwi, kwa kuwa inaweza kuwaka moto. Huondolewa na fundi na kupelekwa mahali panapopokea taka za kielektroniki.

Programu za bure zinazodai kuongeza nguvu ya betri au kasi ya kompyuta kwa kubofya mara moja kwa kawaida hazifanyi lolote ambalo mipangilio ya mfumo haiwezi, na baadhi huja na virusi.

Kuondoa vikomo vyote vya kuokoa umeme nako kuna gharama: kompyuta hupata joto na betri huisha haraka. Kwa sababu hiyo mafundi hupendekeza kuanza na mabadiliko yanayopunguza mzigo, kama kushusha ubora au kubadilisha kodeki, kabla ya yale yanayoongeza nguvu.

## Tazama pia

- Betri ya lithiamu
- Kodeki
- Mfumo wa uendeshaji
- Prosesa
- Wi-Fi